Idi ya Evarista

Evarista Kihwele alikatwa vidole vinne vya mkono wa kulia siku ya Idi ya Kuchinja, saa nne asubuhi, kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ubaruku. Ukilifungua daftari la mahudhurio, utakuta kwamba siku hiyo Evarista hakuwepo kazini. Aliyekuwepo, kwa jina na kwa sahihi, ni Kulwa Ramadhani. Na Kulwa, saa nne hiyo hiyo, alikuwa ametoka kuswali, kavaa baibui jipya, kashikilia miguu ya mbuzi nyuma ya nyumba yake huku shemeji yake akinoa kisu.

Hakuna uchawi hapo. Kuna ujanja tu, ujanja wa watu maskini waliodhani wamemzidi akili tajiri wao, na inafaa kueleza ulivyoanza, maana asiyeujua atamwona Evarista mwongo, kama alivyoonwa na wengi.

Evarista alizaliwa jirani na Tosamaganga, akasomeshwa na masista hadi darasa la saba. Masista walimwachia vitu viwili, rozari na mwandiko. Mwandiko wake ulikuwa wa kutazamwa mara mbili. Herufi zote zililala upande mmoja, K ikiburuza mkia wake chini ya mstari, na hata alipoandika idadi ya magunia ukutani kwa mkaa, madereva wa malori walisimama kusoma wakidhani ni tangazo. Baadaye mume wake alisikia sifa za mpunga wa Usangu, wakahama Iringa na mtoto mgongoni. Msimu wa nne mume akafa kwa homa, akamwachia nusu ekari ya kukodi na binti aitwaye Goodness. Evarista akaingia kiwandani kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda, na hilo alilisema mwenyewe bila aibu.

Miaka kumi na moja alisimama kwenye mdomo wa mashine akimimina mpunga, akiondoa majani na mawe, sikio lake likiwa kwenye mlio wa mkanda. Upande wa pili, mchele unakotokea, alisimama Kulwa, akitenganisha chenga na mchele mzima. Baba yake Kulwa alikuwa Mnyamwezi aliyeteremka na ng'ombe kutoka Tabora kufuata malisho, na Kulwa, msichana wa kuchunga ng'ombe, shule aliiona kwa nje tu. Siku za mshahara aliweka dole gumba. Wenzake walikuwa wakisaini kwa mbwembwe, yeye anapaka wino na kujifuta kwenye khanga, na vijana wa kubeba magunia wanamcheka. Ilimuuma Evarista kuliko ilivyomuuma Kulwa mwenyewe. Basi kila mchana, mashine ikizimwa ipoe, alitandaza pumba sakafuni, akamshika Kulwa mkono na kumwongoza kidole kwenye pumba, herufi baada ya herufi. Kulwa hakufika mbali. Alijifunza majina mawili tu, lake na la Evarista, lakini aliyajua sawasawa, na siku aliyosaini mshahara kwa kalamu alinunulia kiwanda kizima soda.

Sasa njoo kwa tajiri. Mzee Sosthenes alikuwa mtu wa Njombe, mkazi wa Mbeya mjini, mcha Mungu asiyekosa ibada. Kiwandani alifika Jumamosi tu, akakaa na karani wake Obeid, akapitia daftari, akaondoka. Sura za wafanyakazi hakuzijua sana. Alichokijua ni daftari. Mwaka mmoja akaja mkaguzi wa kazi, akamwambia kwamba mfanyakazi anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili. Mzee Sosthenes hakubisha. Alimsindikiza mkaguzi hadi kwenye gari, kisha akawakusanya watu chini ya paa la kuanikia mpunga na kuwatangazia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba kuanzia leo sikukuu zitalipwa mara mbili. Ila kila sikukuu ina wenyewe. Mkristo atakayefanya kazi Krismasi au Pasaka, mara mbili. Mwislamu atakayefanya kazi Idi au Maulidi, mara mbili. Wengine walipwe kawaida, kwani kwao hiyo ni siku kama siku nyingine.

Watu walipiga makofi. Walipiga makofi kwa sababu ilisikika kama haki, na mtu akizungumza haki kwa upole nani atamchunguza? Ilichukua miezi kadhaa kugundua jinsi walivyofungwa. Nani atakuja kazini siku ya sikukuu yake mwenyewe? Krismasi Wakristo wako kanisani, mashine zinaendeshwa na Waislamu kwa elfu nane ya kawaida. Idi Waislamu wako uwanjani wanaswali, mashine zinaendeshwa na Wakristo kwa elfu nane ile ile. Mzee Sosthenes alitangaza malipo mara mbili na hakulipa hata mara moja.

Ndipo ujanja ukazaliwa, na Evarista ndiye aliyeubuni, jambo ambalo baadaye lilimnyima usingizi. Alisema, sikukuu ikiwa ya Kulwa, mimi nafanya kazi kwa jina la Kulwa. Daftari litasema Mwislamu kafanya kazi Idi, italipwa elfu kumi na sita, Kulwa ataipokea na kunipa. Krismasi ikija, Kulwa anaandika Evarista, mimi napokea na kumpa yeye. Wengine wakaiga. Baada ya mwaka kiwanda kizima kilikuwa na jozi zake, kila Mkristo na Mwislamu wake, na Obeid karani alifumba macho kwa bei ya chipsi na kuku. Hakuna aliyewahi kumdhulumu mwenzake shilingi. Evarista alifikia hatua ya kuutafuta mwezi wa Idi kwa hamu kuliko waliofunga. Mwisho wa Ramadhani alisimama uani na rozari shingoni, akitazama magharibi, majirani wakimtania kwamba karibu atasilimu.

Sikukuu tisa walizibadilishana hivyo. Ya kumi ilikuwa Idi ya Kuchinja, mwezi wa sita, mavuno yamepamba moto na malori yamepanga foleni hadi barabarani. Evarista aliwahi saa kumi na mbili, akaandika Kulwa Ramadhani kwenye daftari, akafunga khanga kiunoni na kuanza. Mkanda wa mota ulikuwa hauna kifuniko tangu mwaka uliopita. Saa nne gunia lilimponyoka, akainama kulidaka, pindo la khanga likaingia kwenye mkanda, naye akapeleka mkono kulivuta. Ni kosa la sekunde moja, na kila aliyewahi kusimama pale angelifanya. Mashine ilipozimwa dole gumba lilikuwa bado lipo. Vingine vilikuwa vimekwenda na mpunga.

Obeid alimpeleka hospitali kwa gari la mteja. Njiani alitetemeka kuliko mgonjwa. Muuguzi alipouliza ameumia wapi, Obeid ndiye aliyejibu, kwamba ni kwenye mashine ya mahindi ya mtaani, na ikaandikwa hivyo. Evarista alisikia. Alikuwa na maumivu yasiyosemeka, na pia alidhani Obeid anawalinda wote, ndiyo maana akanyamaza. Kunyamaza huko alikuja kukujutia.

Mwisho wa mwezi Kulwa alikuja kumwona, akakaa ukingoni mwa kitanda na kumwekea juu ya mto wa kulalia elfu kumi na sita. Yalikuwa malipo ya siku ile, mara mbili, kamili. Walizitazama zile noti bila kuzigusa. Kulwa alilia hadi akashindwa kuaga.

Evarista alipoomba kiwanda kitoe taarifa ya ajali ili alipwe fidia, Mzee Sosthenes alifungua daftari. Alisikitika sana, alisema, na alimwombea dada huyu apone, ila tarehe hiyo hakuwa kazini. Aliambiwa ukweli wa jozi, akashangaa, au akajifanya kushangaa, kisha akawakusanya tena watu chini ya lile paa. Safari hii hawakupiga makofi. Aliwaambia kwamba yeyote atakayesema Evarista alikuwepo siku ya Idi atakuwa amekiri kughushi daftari; atarudisha malipo yote ya sikukuu aliyopokea kwa udanganyifu, na kazi hana. Ishirini na mbili walikuwa wamemwona Evarista akibebwa. Jioni ile hakubaki hata mmoja aliyemwona.

Evarista akahamia kwa mdogo wake, Devota, anayeuza vitunguu kando ya barabara kuu, Ipogolo, Iringa. Devota alimpokea vizuri, lakini nyumba ina vyumba viwili na watu saba, na Evarista hakuweza kumenya, kufua, wala kufunga vifungo vya blauzi yake. Goodness, aliyekuwa kidato cha tatu, alianza kuchelewa shule kwa kumvisha mama yake. Halafu akaanza kukosa siku nzima, akikaa kwenye meza ya vitunguu, akisema shule si kitu. Mama akimsikia anasema hivyo, anageukia ukutani. Kama fidia haitapatikana binti ataishia kwenye vitunguu, na yeye atakuwa mzigo wa kuvishwa hadi kufa. Hesabu yake ilikuwa fupi hivyo, na aliirudia usiku na mchana.

Jirani yao alikuwa mzee Ambrosi, mstaafu wa reli, aliyewahi kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Siku moja Devota alimleta asikilize. Ambrosi alisikiliza kisa chote, cha mkaguzi, cha makofi, cha jozi, akauliza maswali mawili au matatu, kisha akavua miwani.

"Mama Goodness," alisema, "nani aliwaambia kila sikukuu ina wenyewe?"

"Bosi mwenyewe."

"Sheria haimwulizi mtu anasali wapi. Siku ikishatangazwa sikukuu ya taifa, iwe Idi, iwe Pasaka, anayefanya kazi analipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi, kwa kila saa. Mkristo, Mwislamu, hata asiye na dini. Ile hela ilikuwa yako. Ungeandika jina lako."

Evarista aliomba arudie. Ambrosi akarudia, polepole, kwa maneno yale yale. Evarista akatoka nje, akasimama kwenye kichochoro cha nyuma kinachotazama mlima. Miaka yote ile alijiona mjanja. Alijiibia jina lake mwenyewe kwa ajili ya hela iliyokuwa yake tayari. Hasira aliyokuwa nayo kwa Mzee Sosthenes ilikuwa kubwa, lakini aliyokuwa nayo juu yake mwenyewe ilikuwa kubwa zaidi, na hakuwa na pa kuipeleka.

Ambrosi aliandika barua, akamwelekeza kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi Mbeya, akasema mambo yote yanasimama kwa mtu mmoja. Wengine wanaweza kusema hawakuona. Kulwa hawezi kusema hajui alikuwa wapi siku ya Idi.

Evarista alimpigia simu. Kulwa alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na watoto wanne na mume aliyeko machungani kusikojulikana. Akasema, dada, nitakupigia. Siku sita hakupiga. Evarista hakumlaumu; katika hizo siku sita alijiuliza yeye angefanyaje, na hakupenda jibu lake. Siku ya saba ulikuja ujumbe wa maneno ambayo bila shaka yaliandikwa na mtoto, kwamba mama atakuja Mbeya.

Alikuja kweli. Alishuka kwenye basi na lile baibui la Idi, sasa limechuja, akamkumbatia Evarista kwa namna ya kuukwepa mkono. Tayari alikuwa ameaga kiwandani. Obeid alimwambia asijisumbue kurudi.

Ofisini walikuwa watano. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyechoka. Mzee Sosthenes alikaa wima na Biblia ndogo mfukoni mwa koti, Obeid pembeni yake na daftari mapajani. Evarista alieleza. Kulwa naye, alipoulizwa, hakuzunguka.

"Mimi siku ile sikuwepo, mama. Nilikuwa kwangu, tunachinja. Kwenye mashine alikuwa huyu dada. Mkono wake umeliwa kwa jina langu."

Hapo Evarista alivuta pumzi. Mara ya kwanza tangu Idi, aliona kama kuna mlango.

Mzee Sosthenes hakugombana. Alisema kwamba hawa ni marafiki wa miaka mingi, na rafiki hushindwa kumkatalia rafiki mwenye shida, hilo halimshangazi. Yeye ana daftari tu. Akaomba wanawake hawa waandike jina lililopo pale, ili mheshimiwa aone mwenyewe mkono wa nani uliandika.

Lilionekana ombi la haki. Msuluhishi alilifungua daftari, Kulwa Ramadhani, herufi zimelala upande mmoja, mkia wa K chini ya mstari. Akamsogezea Evarista karatasi na kalamu, kisha macho yake yakafika kwenye mkono uliofungwa kitambaa, naye akaona aibu, akairudisha kalamu. Akampa Kulwa.

Kulwa aliichukua kwa furaha. Evarista alimwona usoni: alidhani amepewa nafasi ya kumaliza jambo. Aliinama, akaandika jina lake taratibu, kwa uaminifu wote, bila kubadili kitu, kama alivyokuwa akiandika siku zote. Evarista akatazama kalamu ikitembea, akajua kabla haijafika mwisho. Herufi zililala upande mmoja. K iliburuza mkia chini ya mstari. Hakuna K nyingine ambayo Kulwa aliwahi kufundishwa.

Msuluhishi aliiweka karatasi kando ya daftari. Alitazama huku, akatazama kule. Obeid alikohoa na kuangalia dirishani.

Evarista alisema yeye ndiye aliyemfundisha. Alieleza habari za pumba, za mchana, za kidole, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia akisema uongo, maana hata masikioni mwake yalikuwa maneno ya mtu aliyebanwa. Kulwa aliitazama karatasi, akalitazama daftari, akaanza kuelewa, na rangi ikamtoka.

Msuluhishi alisema hakatai kwamba yanawezekana. Lakini kazi yake ni kupatanisha, na mwajiri anakataa. Usuluhishi umeshindikana. Mlalamikaji anaweza kuendelea mbele, kwa mwamuzi, akileta ushahidi mwingine: shahidi mwingine wa siku ile, au karatasi ya hospitali. Ya hospitali inasema mashine ya mahindi. Mashahidi wengine walikuwa ishirini na mbili, na mmoja wao alikuwa amekaa pale pale anaangalia dirishani. Msuluhishi aliyasema maneno yake kwa huruma, jambo lililozidisha uzito wake.

Mzee Sosthenes aliaga kila mtu kwa mkono. Alipofika kwa Evarista alisita, akampa pole kwa maneno, akatoka.

Ikabaki fomu ya kuendelea mbele, inayotaka sahihi ya mlalamikaji. Msuluhishi alifungua droo, akatoa kidau cha wino na kukisukuma mezani. Evarista akafungua kitambaa. Dole gumba la kulia, lililobaki peke yake, alilichovya kwenye wino na kuligandamiza kwenye karatasi, vibaya, upande upande. Alama ikatokea, mistari yake yote, isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote duniani.

Kulwa alikuwa amesimama nyuma yake. Aliinama, akalishika lile dole na kuanza kulifuta wino kwa pindo la baibui lake, kama alivyokuwa akijifuta yeye zamani.

"Ungeniacha na gumba langu, dada," alisema.

 Evarista alimwachia mkono aufute, na akalia pale pale ofisini, mbele ya mtu asiyemjua.